Barua ya wazi kwa waliotuuzia vipimajoto vya matanki ya maziwa Rungwe

Fundi wa elektroniki,
Mafiati, Mbeya.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Idara ya Ufundi na wote wenye maamuzi katika kampuni iliyotuuzia vipimajoto.

Waheshimiwa,

YAH: KUONDOA VITEGEMEZI VISIVYO VYA LAZIMA KATIKA ZANA YA KUUNDIA PROGRAMU YA VIFAA VYENU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu na ndiyo ya kwanza kuiweka hadharani. Ya kwanza niliituma Juni 2024, nikajibiwa na mashine kwamba ombi langu limepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu nilimkabidhi kijana wenu wa mauzo alipopita Mbeya, naye baada ya wiki mbili akanipigia kuniambia kwamba wahusika wanalifanyia kazi. Tangu hapo kimya. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu sina nia ya kuwaharibia biashara. Vifaa vyenu ni vizuri. Ningeviona vibovu nisingehangaika kuwaandikia. Ningewashauri wafugaji wanunue vya wengine.

Kwa wasomaji wasiovijua, kipimajoto hiki ni kisanduku kinachofungwa ubavuni mwa tanki la kupoozea maziwa. Sensa yake inagusa tanki, na ndani ya kisanduku kuna laini ya simu. Maziwa yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 na yabaki hapo mpaka gari lije kuyachukua. Yakikaa juu ya nyuzi 8 kwa zaidi ya saa mbili, kifaa kinamtumia meseji msimamizi wa kituo, naye anaamka kwenda kuwasha jenereta. Katika vituo ninavyovihudumia Rungwe na Busokelo viko 14.

Jioni moja ya Aprili 2024, katikati ya masika, fyuzi ya kwenye nguzo inayolisha kituo kimoja upande wa Tukuyu ilikata muda mfupi baada ya maziwa ya jioni kumiminwa. Msimamizi alikuwa ameshafunga na kwenda kwake, na kwake umeme uliwaka kama kawaida. Meseji haikuja. Akalala akijua kimya maana yake ni salama, kama watu wenu walivyomfundisha siku ya kukifunga.

Nilipigiwa alfajiri, nikafika saa mbili asubuhi. Nilimkuta anapima kwa alkoholi: kijiko cha maziwa, kijiko cha alkoholi, anatikisa kidogo kwenye kikombe cha kioo. Maziwa mazima hubaki laini na kuteleza. Yale yaliganda vipande vidogo vidogo vikanata kwenye kioo mpaka juu. Alirudia mara nne, kila mara akichota upande mwingine wa tanki, kama vile upande mmoja ungeweza kumhurumia. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja na ndoo yake ya asubuhi. Jioni iliyotangulia alikuwa ameleta lita sita. Akaniuliza, "Fundi, ya jana yameingia kwenye hesabu?" Hakuna kati yetu aliyemjibu. Tanki zima lilimwagwa kwenye migomba nyuma ya kituo.

Kifaa hakikuwa kimeharibika. Betri ilijaa, laini ilikuwa na salio, mtandao ulikuwepo. Mkataba wetu unatupa msimbo wote wa programu ya ndani, ile ambayo mafundi tunaiita femwea, na kwa hilo nawashukuru, maana kampuni nyingi hazitoi. Nilikaa nao usiku mmoja nikaliona kosa. Saa ya ndani inahesabu milisekunde kwa namba ya biti 32. Ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri, na safari hiyo inachukua siku 49 na kama saa 17. Programu yenu inachukua saa ya sasa, inajumlisha muda wa kusubiri, kisha inangoja saa ipite jumla hiyo. Sasa jumla ikiangukia kwenye ukingo kabisa, na wakati huohuo kifaa kikawa kinahangaika na mtandao wa simu, saa inavuka na kurudi sifuri bila kifaa kuona. Kinabaki kinangoja siku nyingine 49. Ukikizima na kukiwasha kinapona. Lakini mmekiwekea betri ili kisizimike umeme ukikatika, kwa hiyo hakipati nafasi ya kupona.

Dawa yake inajulikana: badala ya kujumlisha, toa saa ya mwanzo kwenye saa ya sasa na ulinganishe tofauti. Ni mstari mmoja. Niliuandika kwa dakika kumi. Kuugeuza mstari huo kuwa programu inayoweza kuingia kwenye chipu kulinichukua siku tisa, na siku hizo tisa ndizo zinazonifanya niwaandikie. Zana yenu ya kuundia programu inadai vitegemezi vingi, yaani vitu vingine ambavyo lazima viwepo ndipo ifanye kazi.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Zana yenu inadai intaneti kabla haijasoma faili hata moja.

Kitu cha kwanza inachofanya ni kuuliza seva yenu kama kuna toleo jipya la zana yenyewe. Ikikosa jibu, inasimama. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikasota. Ilikuwa siku yangu ya tatu. Chipu iko mezani, msimbo uko kwenye diski, kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, iko kwenye laptopu. Hakuna kilichopungua kwa ajili ya kazi yenyewe. Nilikwama kwa sababu zana ilitaka ruhusa ya mtu aliye mbali. Waya unakatika baharini, na fundi wa Mafiati anashindwa kurekebisha kisanduku kilicho mbele yake!

2. Inadai lugha tatu za ziada kwa kazi ambayo haizihitaji.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini.

Msimbo wa kifaa chenu umeandikwa kwa lugha ya C. Ili uwe programu unahitaji kompaila ya chipu hiyo, maktaba yake ya C (msimbo ulio tayari kwa kazi za kawaida), na programu ndogo ya kuusukuma ndani ya chipu. Hivyo vitatu ni vya lazima na sivilalamikii. Lakini zana yenu ilinidai Python, tena ile ya 2, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Nikafuatilia inatumika wapi. Inatumika kwenye skripti moja, yaani programu fupi, ya mistari 19 ambayo kazi yake ni kuandika namba ya toleo na tarehe kwenye faili. Ikadai Node, inayoendesha lugha ya JavaScript, ili ichore menyu yenye rangi ya kuchagua kama kituo kinatumia Kiswahili au Kiingereza. Menyu hiyo ilivuta pakeji, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na watu wengine, zaidi ya 600, nilizihesabu. Ikadai Java kwa ajili ya kutengeneza jedwali la joto, yaani namba 128 ambazo hazijabadilika tangu kifaa kitoke. Jedwali hilo mngeliweka tayari ndani ya msimbo, na hakuna ambaye angehitaji kulitengeneza tena.

Jambo hili si geni kwa wakubwa wa kazi hii. Mwaka 2008 kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo ambacho kinaendesha seva nyingi na simu za Android, ilianza kudai lugha ya Perl ili iundwe, na sababu mojawapo ilikuwa kukokotoa namba chache za kubadilishia vipimo vya muda. Rob Landley, anayejenga mifumo midogo ya Linux, alipinga kwa miaka akitoa viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vya kuiondoa Perl kwenye njia hiyo. Mwaka 2013 skripti ile ya muda iliandikwa upya kwa bc, kikokotoo kidogo ambacho ni rahisi kukipata. Hesabu ikabaki ileile. Kama watu wanaotunza mamilioni ya mistari waliona inafaa kushindania kitegemezi kimoja, nyinyi wenye kifaa cha kupima joto la maziwa mnaweza kuviangalia vyenu.

3. Uzito wa mzigo haulingani na kazi.

Chipu yenu ni ATmega328P. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Programu ikikamilika ni kilobaiti 27. Ili niipate, zana ilitaka kushusha gigabaiti 3.4, pamoja na kontena, yaani kifurushi kikubwa chenye mfumo mzima wa kuendeshea zana. Nililipia bando mara tatu, kwa sababu kila mtandao ukikatika ilianza upya kutoka mwanzo.

4. Tunavyovitegemea vinaondoka bila kutuaga.

Siku ya sita pakeji moja ya zile 600 haikupatikana. Toleo mlilolitaja lilikuwa limefutwa na mwenyewe. Hilo si kosa lake. Ni mali yake. Ninyi ndio mliomfunga mtu asiyewajua kwenye tanki la Tukuyu. Na msiseme hamkujua kwamba linaweza kutokea: Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa kwenye npm, ghala la mtandaoni la pakeji za Node, pakeji yake iitwayo left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi, baada ya mzozo kuhusu jina la pakeji yake nyingine. Programu nyingi duniani zikashindwa kuundwa siku hiyo, nyingine za kampuni kubwa ambazo hazikujua hata kwamba zinaitegemea.

5. Hatujui ni mikono ya nani inapita kwenye programu yetu.

Kila pakeji inayoshushwa wakati wa kuunda inapewa nafasi ya kuendesha amri kwenye kompyuta yangu na kugusa kinachoingia kwenye chipu. Machi 2024, mwezi mmoja kabla ya usiku ule wa Tukuyu, mtaalamu wa programu Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtego ule ulifichwa kwenye mafaili ya majaribio, na skripti za kuundia ndizo zilizouingiza. Aliyesoma msimbo wa kawaida peke yake asingeuona. Waheshimiwa, aliyeugundua ni mtaalamu aliyekuwa anapima kasi kwa makini. Mimi nina pakeji 600 na bando la wiki. Mnataka nizikague vipi?

Sasa niwaeleze nilivyotoka. Siku ya tisa niliiacha zana yenu kabisa. Nilichukua mafaili ya C, nikaandika namba ya toleo kwa mkono, nikanakili jedwali la joto kutoka kwenye programu ya zamani, nikaandika Makefile, yaani faili la maelekezo ya kuunda programu, la mistari 31. Programu ya make ilitungwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, na bado inafanya kazi yake. Nikaita avr-gcc, kompaila ya chipu hii. Ilichukua sekunde zisizofika kumi, intaneti ikiwa imezimwa. Ilitoka programu ya kilobaiti 27 ambayo mpaka leo inafanya kazi kwenye vifaa vitatu. Kompaila, maktaba, msimbo na Makefile yangu vyote viko kwenye flashi moja ninayotembea nayo mfukoni, na nafasi imebaki.

Vitatu tu, kwa sababu hivyo waranti yake ilikuwa imeisha. Vile 11 vingine mlituandikia kwamba tukiweka programu isiyotoka kwenye zana yenu waranti inakufa. Chama cha wafugaji hakiwezi kubeba hasara hiyo, na mimi siwezi kukishauri kifanye hivyo.

Najua mtakayonijibu, maana mengine nimeshayasikia kwa simu.

Mtasema intaneti siku hizi iko kila mahali. Ipo Mbeya mjini, na mara nyingi ni nzuri. Lakini kituo hakiwi mjini. Kuna vituo ambavyo napata mtandao nikipanda kwenye tuta la chai, unaotosha meseji na hautoshi kontena. Na hata mjini, nimeshawaeleza ya tarehe 12 Mei.

Mtasema zana hiyo moja inahudumia bidhaa zenu zote, pamoja na zile mpya zenye chipu kubwa, na inawarahisishia vijana wenu. Nawaamini. Itumieni ofisini kwenu kwa raha zenu. Ninachokataa ni kwamba raha ya vijana watano kwenye meza moja inageuzwa kuwa sharti kwa kila fundi atakayekigusa kifaa kwa miaka kumi ijayo. Tanki la maziwa linaweza kudumu miaka kumi na zaidi. Hakuna kati yetu anayejua kama hizo pakeji 600 zitakuwepo.

Mtasema kusasisha vitegemezi ndio usalama. Kwa kilicho lazima, kweli. Kompaila ikipata marekebisho nitaisasisha. Lakini kitu ambacho hakimo hakihitaji kusasishwa, na hakuna anayeweza kuingilia kupitia menyu isiyokuwepo.

Mtasema wateja wasijiundie wenyewe, watume kifaa Dar es Salaam. Tulituma kimoja. Ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, na kilikaa wiki tano. Kwa wiki hizo tano msimamizi alilala kituoni kwenye mkeka, akiamka kila saa mbili kusoma kipimajoto cha kawaida kwa tochi ya simu. Alinionyesha daftari alimoandika. Mwandiko wa saa nane na saa kumi usiku unapanda na kushuka nje ya mistari, lakini hakuruka usiku hata mmoja. Daftari hilo ninalo, na yeyote kati yenu akitaka kuliona nitamletea.

Na mtasema kazi ya kuondoa hivyo vitu ina gharama. Inayo. Mimi peke yangu, bila kuijua zana yenu, nilihitaji siku moja ya kuandika Makefile na siku nane za kukata tamaa. Fundi wenu anayeijua atahitaji pungufu. Makefile yangu nawapa bure, bila sharti.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Mtoe njia rasmi ya kuunda programu hii kwa kompaila, maktaba yake na make peke yake, na mwandike kwamba programu iliyoundwa hivyo haivunji waranti.

(b) Mafaili yote yanayotengenezwa na skripti, likiwemo jedwali la joto, yawekwe tayari ndani ya msimbo. Skripti zibaki kwa anayetaka kuyatengeneza upya.

(c) Kwa kila toleo, mtoe kifurushi kimoja chenye kila kitu, kinachoingia kwenye flashi, pamoja na alama ya uhakiki ya kulinganishia mafaili, ili nikiunda mimi Mbeya na mkiunda nyinyi Dar es Salaam tupate programu ileile baiti kwa baiti. Kwa hili itabidi mwache kuandika tarehe ya kuundwa ndani ya programu. Haina anayeisoma.

(d) Kabla ya kutoa toleo lolote, mtu mmoja wa kwenu achukue kompyuta iliyofutwa, aweke kifurushi hicho, azime intaneti, na aunde programu mpaka mwisho. Ikishindikana kwenu, msitutumie.

(e) Lile kosa la siku 49 lirekebishwe katika toleo rasmi. Hili nililieleza tangu barua ya kwanza, na mstari wenyewe niliuambatanisha.

(d) ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Mkiikubali hiyo, nyingine zitafuata zenyewe, kwa sababu kila kitegemezi kisicho cha lazima kitamkwamisha kwanza mtu aliye jirani na meza yenu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina la mtu wa ufundi ninayeweza kuongea naye. Nakala ya barua hii nimempa mwenyekiti wa chama cha wafugaji, na ameahidi kuisoma kwenye mkutano mkuu.

Kwa sasa, kila wiki ya sita nazunguka na pikipiki kwenye vifaa 11, nafungua kisanduku, nachomoa betri, nahesabu hadi thelathini, naichomeka tena. Ziara inayofuata ni Jumatatu ijayo. Naanzia Kiwira na kumalizia Lwangwa, na kwa mvua hizi ni kazi ya siku mbili. Mkimtuma mtu wenu nitampokea Uyole saa kumi na mbili asubuhi. Aje na koti la mvua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa vipimajoto, Rungwe na Busokelo.